Shangingi la Kilomita Laki Tatu: Linunuliwe au Liachwe?

Swali la kwanza analokutana nalo mtu aliyepata shangingi la zamani ni lile lile, awe Kinondoni, Arusha au Mombasa: limetembea ngapi? Akijibu kilomita laki tatu, mmoja humwambia akimbie kabla hajaangukiwa na jumba bovu. Mwingine humwambia asiogope, dizeli ya Toyota kwa kilomita hizo ndiyo kwanza imezoea kazi. Wote wawili wanalihukumu gari kwa namba iliyo kwenye dashibodi, na ni kwa kuiamini namba hiyo watu wengi wamebaki na chuma kisichotembea uani.

Namba yenyewe ni shahidi dhaifu. Mita za zamani zilirudishwa nyuma kwa bisibisi. Za kisasa hurudishwa kwa kompyuta ndogo ndani ya dakika chache. Hesabu nyepesi inatosha kumzindua mnunuzi. Prado ya mwaka 1998 iliyotembea kilomita 15,000 tu kwa mwaka ilipaswa kuufikia mwaka 2025 ikiwa na kilomita 405,000. Ikikutwa yadi inasoma 140,000, basi ama ilikaa miaka mingi imeegeshwa, jambo ambalo nalo huharibu sili, mipira na tangi la mafuta, ama kuna mkono uliopita kwenye mita. Gari lenye kilomita 312,000 na risiti za gereji za miaka sita linafaa kuaminiwa kuliko hilo la 140,000 lisilo na maelezo. Pedali ya breki iliyolika upande mmoja, usukani uliochubuka na kiti cha dereva kilichotitia upande wa mlango havirudishwi nyuma na kompyuta yoyote.

Tanzania ina mtego wa pili: herufi za usajili. Gari la "namba E" huuzwa ghali kuliko la "namba B" na wanunuzi hulipia tofauti hiyo bila kuuliza, ilhali herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, si lilitoka kiwandani lini. Land Cruiser ya 1997 iliyoshushwa bandarini miaka ya karibuni itabeba namba E na bado ni kongwe kuliko Prado ya 2004 inayotembea na namba B. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi. Namba ya chasisi nayo imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele. Mnunuzi aiinamie aisome, alinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Eneo lililosagwa, kuchomelewa au kupakwa rangi nzito ni sababu tosha ya kusitisha mazungumzo na kulipeleka suala polisi.

Sheria za nchi jirani zimeligawa soko hili kwa namna inayostahili kueleweka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuzuia yanayozidi miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, ila hutoza ushuru wa ziada kwa gari dogo lililozidi miaka 8, na kiwango hupanda likivuka 10. Kwa hiyo Nairobi au Kampala, shangingi la miaka ya tisini limeishi humo humo nchini kwa muda mrefu, na mafundi waliolihudumia wanaweza kutafutwa na kuulizwa. Dar es Salaam linaweza kuwa limefika mwezi jana kutoka Japani, na historia yake iko kwenye karatasi za huko.

Karatasi hizo zina faida ambayo wanunuzi wengi hawaitumii. Japani hukagua gari la abiria miaka 3 baada ya kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita husomwa na kuandikwa. Cheti cha kufuta usajili kinachoruhusu gari kusafirishwa nje hubeba kumbukumbu hiyo. Karatasi ya mnada nayo hutoa alama ya hali ya gari, na herufi R maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Muuzaji wa kweli anazo karatasi hizi au nakala zake. Wimbi la Prado na Hilux Surf za dizeli lililofika Afrika Mashariki lilisukumwa pia na sheria za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizobana moshi wa dizeli katika miji mikubwa. Wenye magari walilazimika kuyaachia yakiwa bado mazima. Magari hayo sasa yana miaka 25 na zaidi, na mengi yamepita mikononi mwa watu wanne au watano baada ya kutua hapa.

Lakini kilomita, mwaka na karatasi vyote havimwelezi mnunuzi jambo kubwa kuliko injini iliyomo.

Jina la Land Cruiser limebebwa na injini chache, na si kila injini iliyowekwa ndani yake inastahili sifa hiyo. Inayostahili kwanza ni 1HZ, iliyoanza mwaka 1990: dizeli ya silinda sita, ujazo wa 4,164, haina tabo, na pampu yake ya mafuta inaendeshwa kimekanika bila kusubiri amri ya kompyuta. Ndiyo iliyomo katika Land Cruiser mkonga nyingi za hospitali za misheni, za mashirika ya misaada na za kampuni za watalii kule Arusha. Nguvu yake ni ndogo kwa uzito wa gari, kiasi cha farasi 130 hivi, na kwenye mlima wa Kitonga itapitwa na basi. Udogo huo wa nguvu ndio umri wake, kwa sababu kila chuma ndani ya injini hiyo kinafanya kazi mbali na kikomo chake. Kilomita laki tatu kwa 1HZ iliyobadilishiwa oili kwa wakati si uzee.

Inauawa na vitu viwili, joto na belti. Taimingi belti yake hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kukumbusha. Ikikatika, vali hugongana na pistoni. Taa hiyo huzimwa na fundi kwa kitufe au waya bila belti kuguswa, kwa hiyo kuzimika kwake si ushahidi. Ushahidi ni risiti au tarehe iliyoandikwa kwenye mfuniko wa belti, na vikikosekana vyote, mnunuzi ahesabu belti mpya kuwa sehemu ya bei.

Ndugu yake mwenye tabo, 1HD-T wa Land Cruiser za toleo la themanini za mwanzo wa miaka ya tisini, ni injini tamu zaidi barabarani, ila beringi za konrodi za matoleo ya mwanzo zilijulikana kwa kulika mapema. Mwenye gari aseme zilibadilishwa lini. Asipojua, hazikubadilishwa.

Linalouma ni Prado ya 1996 hadi 2002, ile watu wengi wanayoanza nayo kwa kuwa bei inafikika. Dizeli yake ya lita tatu, 1KZ-TE, ina sifa mbaya moja isiyofichika katika gereji yoyote: ikichemka, silinda hedi hupasuka. Na huku kwetu mazingira ya kuichemsha yameandaliwa na mazoea ya gereji zenyewe. Fundi huondoa themostati kwa imani kwamba injini itapoa zaidi. Mwenye gari hujaza maji ya bomba badala ya kulanti kwa sababu maji ni bure. Njia za maji ndani ya injini huota kutu, kutu huziba rejeta, na siku ya safari ya Moshi, jua la saa nane, gari limejaa ndugu na mizigo, mshale unapanda. Hapo mnunuzi anagundua kwamba gharama ya hedi, kazi ya kusaga na gasketi ni sehemu nene ya fedha aliyonunulia gari. Prado hiyo hiyo yenye injini ya petroli ya V6, ujazo wa 3,400, ni salama zaidi kwa upande huu, na anayeilaumu kwa kunywa mafuta alinganishe kwanza na bei ya hedi.

Iliyoifuata, 1KD-FTV, inatumia noza za kielektroniki zinazosukumiwa dizeli kwa shinikizo kubwa sana. Noza za aina hii hazisamehe mafuta machafu. Hapa historia ya nchi inaingia moja kwa moja kwenye injini: ni mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuua biashara ya kuchakachua dizeli. Kiwango cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni kilianza kutumika katika nchi za Afrika Mashariki mwaka 2015. Prado iliyokunywa mafuta ya vibanda vya njiani kabla na baada ya hapo ina noza zenye historia hiyo. Sili za shaba za noza zikivuja, uchafu huingia kwenye oili na kuziba chujio la chini ya injini, na oili isipopanda, injini inakwenda na maji. Anayeitaka ahakikishe noza zimepimwa kwenye mashine, asiridhike na kusikilizwa kwa sikio.

Kuhusu V8 ya petroli, ujazo wa 4,700, ya Land Cruiser ya toleo la mia ya kuanzia 1998: injini ni imara kupita nyingi. Tatizo la gari hilo liko kwenye kituo cha mafuta, na kwa matoleo yenye springi za haidroliki zinazopandisha na kushusha gari kwa kitufe, liko pia kwenye mitungi ya gesi ya mfumo huo ikishakufa. Gari likidunda kwenye tuta dogo na kutikisika ovyo, mitungi imekwisha.

Baada ya injini, kazi iliyofanywa na gari. Magari ya miradi, yale ya namba za DFP, hupendwa kwa hoja kwamba yalihudumiwa kwa ratiba. Hoja hiyo ina ukweli. Mengi yaliagizwa kupitia Gibraltar, kwenye kampuni iliyojikita kuuzia mashirika ya misaada Land Cruiser zisizo na mapambo, na huduma yake iliandikwa kwenye kitabu. Ila yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi, na yakihamia kwa mtu asiye na msamaha kodi hiyo hudaiwa. Mnunuzi aulize Mamlaka ya Mapato, TRA, kabla ya kulipa. Magari ya watalii yanataka jicho kali zaidi. Karakana za Arusha huyakata chasisi na kuyarefusha ili yabebe viti zaidi, kisha huyafungulia paa, na maisha yake yote hupigwa na barabara ya vumbi ya Naabi kwenda Seronera yenye mawimbi yasiyokwisha. Kilomita laki moja za huko zinachosha bushi, shokapu na viungio vya bodi kuliko laki tatu za lami. Mahali chasisi ilipounganishwa pasuguliwe matope, paangaliwe kama chuma cha kuchomelea kimepata nyufa.

Na gari lililoishi pwani, Tanga, Mafia au Unguja, ligongwe chini kwa bisibisi. Chuma kizima hutoa mlio mkavu. Kilicholiwa na kutu hutoa mlio mzito, na bisibisi huzama. Kutu ya milango ni aibu ndogo. Kutu ya chasisi humaliza mazungumzo.

Ukaguzi wenyewe unapaswa kufanyika asubuhi, injini ikiwa baridi tangu jana. Wauzaji wengi hulipasha gari kabla mteja hajafika, kwa kuwa dizeli iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa baridi na kwa urahisi ikishapata moto. Mnunuzi aweke kiganja juu ya boneti kabla ya kufungua chochote. Ikiwa ya moto, aahirishe. Ikiwa baridi, afungue mfuniko wa rejeta atazame: maji yenye rangi ya kulanti ni dalili nzuri, maji ya kahawia ni kutu, utando wa mafuta juu yake ni hedi au kipoza oili. Kisha gari liwashwe mfuniko ukiwa wazi, kwa dakika moja tu. Mapovu yanayoendelea kupanda bila kukoma yanamaanisha gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Baadaye mfuniko wa oili ufunguliwe injini ikiunguruma. Moshi hafifu ni wa kawaida kwa umri huo, lakini moshi unaotoka kwa kusukumwa, mfuniko ukirukaruka ukiwekwa juu ya tundu lake, ni pistoni na ringi zilizochoka. Moshi wa bluu nyuma ni oili inayoungua.

Halafu chini ya pua ya gari. Land Cruiser ya toleo la themanini ina ekseli nzima mbele, na nyuma ya kila tairi la mbele kuna tufe la chuma linalogeuza gurudumu. Likiwa limelowa grisi nyepesi iliyochanganyika na oili nyeusi, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inaingia kwenye grisi. Marekebisho yake yanawezekana na fundi mzuri anayajua, ila ni kazi ya siku nzima au zaidi na grisi ya kujaza ndoo. Usukani ukikatwa mpaka mwisho na gari likasogezwa taratibu, mlio wa ta-ta-ta unatoka kwenye jointi iliyokwisha. Mwisho, gia ndogo na kufuli la difu la kati vijaribiwe kwenye vumbi, si kwenye lami. Magari mengi ya mjini hayajatumia vifaa hivyo kwa miaka, na wenyewe hawajui kwamba vimeganda. Kununua gari la porini ambalo haliwezi kuingia gia ya porini ni kulipia jina.

Sasa fedha. Kwa urahisi wa hesabu, lita ichukuliwe kuwa shilingi 3,000 na mwendo kilomita 20,000 kwa mwaka. V8 inayokwenda kilomita 6 kwa lita itakunywa shilingi milioni 10. Land Cruiser ya 1HZ ya kilomita 8 kwa lita, milioni 7.5. Gari dogo la kilomita 12 kwa lita, milioni 5. Tofauti kati ya la kwanza na la mwisho ni ada ya shule ya mtoto mmoja au wawili, kila mwaka, kabla tairi hata moja halijabadilishwa. Na tairi za gari la tani mbili na zaidi si tairi za gari dogo. Mnunuzi asome tarakimu nne ubavuni: 1219 ni wiki ya 12 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Ndiyo maana ushauri wa kuaminika kuhusu magari haya hauhusu bei ya kununulia. Aliye na shilingi milioni 30 anunue gari la milioni 20, na kumi zibaki benki kwa mwaka wa kwanza. Belti, mipira ya maji, rejeta, bushi, boli jointi, shokapu, oili za gia boksi na difu zote mbili: gari la miaka 25 litadai nyingi kati ya hizo ndani ya miezi 12, liwe limetunzwa au halikutunzwa. Anayetoa milioni 30 zote yadi anaanza safari akiwa hana senti, na kila tatizo dogo litaahirishwa mpaka liwe kubwa. Habari njema ni kwamba spea zipo. Gerezani na Shaurimoyo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi na soko la Kisekka Kampala, kifaa cha Land Cruiser hupatikana siku hiyo hiyo, na upatikanaji huo ndio unaozishinda Pajero na Nissan Patrol, ambazo ni magari mazuri yanayomchelewesha mwenyewe njiani. Habari mbaya ni spea bandia, hasa beringi, belti na vichujio. Kwenye vitu hivi vitatu kubania fedha ni kuitafuta hasara.

Wapo wanaosema Land Cruiser haishuki bei, hivyo mtu hapotezi. Ni kweli kwa lililo zima. Lililopasuka hedi huuzwa kwa bei ya kutupa kama gari jingine lolote, na hesabu ya kutopoteza husahau mafuta na matengenezo ya miaka yote ya katikati.

Kwa mkazi wa Mbagala au Kimara anayetaka kufika Posta asubuhi na kwenda kijijini Krismasi, jibu ni hapana, na linapaswa kutamkwa bila kuzungukazunguka. Foleni haihitaji gia ndogo, na gari jipya zaidi, dogo zaidi, litamlinda vizuri zaidi kwa breki na mifuko ya hewa ambayo mashangingi mengi ya mwanzoni mwa miaka ya tisini hayana. Kwa mkulima wa Mahenge, muuguzi wa kituo cha afya Loliondo, mfanyabiashara wa samaki anayekata udongo mweusi wa Kilombero masika, jibu ni ndiyo: 1HZ yenye kilomita laki tatu za kweli, karatasi kamili na chasisi isiyo na kutu ni bora kwake kuliko gari la kisasa la miaka minane lenye kompyuta ambazo hakuna wa kuzisoma ndani ya kilomita 200.

Lipo jambo moja ambalo mnunuzi hawezi kujifanyia mwenyewe. Kadi ya gari ya Tanzania inaandika rangi, idadi ya viti, uzito na namba ya injini, lakini haina nafasi ya kilomita. TRA hubadilisha jina la mmiliki kila siku, na kila badiliko ni fursa ya kusoma mita na kuiandika kwenye kumbukumbu ambayo mnunuzi anayefuata anaweza kuiona, kama anavyoweza leo kuangalia faini za barabarani kwa namba ya gari tu. Kazi hiyo haihitaji mtambo mpya wala sheria ndefu. TRA na Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, waianze.